Bima ya kibarua: Ilivyozaliwa Ujerumani, na kwa nini mkulima alichelewa kuipata

KIBARUA akikatwa mkono na mashine, nani alipe? Swali hilo liliisumbua Ujerumani katika miaka ya 1870 na 1880, na jibu lake ndilo chimbuko la makato ambayo leo mamilioni ya wafanyakazi duniani huyaona kwenye hati zao za mshahara kila mwisho wa mwezi.

Kabla ya hapo mgonjwa aliuguzwa na ndugu zake, mzee alilishwa na wanawe, na asiye na ndugu wala wana alibisha hodi kanisani au kwenye ofisi ya mji. Kisha katika muda wa miaka sita tu, kuanzia 1883 hadi 1889, Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria tatu za bima ya lazima: ya ugonjwa, ya ajali kazini, na ya ulemavu na uzee. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa imefika hapo.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, historia hiyo ina jambo la kufikirisha. Sheria zile zilimlenga mtu mwenye mwajiri. Aliyejiajiri shambani au dukani alikaa nje ya mlango kwa miongo mingi, na sababu zilizomweka nje bado zinaonekana hadi leo katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki.

Shamba laachwa, kiwanda chaja

Mwaka 1871, Ujerumani ilipoungana kuwa dola moja, karibu watu wawili kati ya watatu waliishi katika vijiji na miji midogo yenye wakazi wasiofika 2,000. Kufikia 1910 waliobaki huko walikuwa wawili tu kati ya watano. Jiji la Berlin, lililokuwa na watu wapatao 800,000 mwaka 1871, lilipita milioni mbili katika kipindi hicho hicho.

Vijana waliacha mashamba wakaenda kwenye migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma vya bonde la Ruhr, au viwanda vya nguo vya Saxony. Walikokwenda walipata fedha taslimu kila wiki, jambo ambalo kijijini lilikuwa adimu. Lakini waliacha nyuma bustani ya viazi, nguruwe zizini, na jirani wa kuazima unga.

Mjini hakukuwa na cha kuazima. Ujira ukikatika leo, njaa ilianza kesho, na kodi ya chumba haikungoja mtu apone.

Msaada kwa maskini ulikuwapo, lakini ulitolewa na halmashauri ya mji au kijiji, tena kwa shingo upande. Aliyeupokea alipoteza haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge. Kwa hiyo fundi mwenye heshima zake, akivunjika mguu, alilazimika kuchagua kati ya tumbo lake na uraia wake.

Mzigo wa ushahidi

Mwaka 1871 serikali ilijaribu njia ya kwanza. Sheria ya fidia ya mwaka huo iliyabana makampuni ya reli: abiria au mfanyakazi akiumia, kampuni ililipa isipokuwa ithibitishe kwamba kosa lilikuwa la majeruhi mwenyewe au la nguvu zilizo nje ya uwezo wa binadamu.

Kwa migodi na viwanda mambo yalikuwa kinyume. Majeruhi ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba mwajiri au msimamizi wake alifanya kosa. Mashahidi walikuwa wafanyakazi wenzake, ambao kesho yake walirudi kufanya kazi chini ya msimamizi yule yule. Wengi walikaa kimya. Kesi zilichukua muda mrefu, na mjane hakuwa na fedha za wakili.

Wenye viwanda nao hawakuipenda sheria hiyo. Kesi moja kubwa ingeweza kumgharimu mtu mno, na kila kesi iliongeza chuki kati ya bosi na vibarua. Louis Baare, mkurugenzi wa kiwanda kikubwa cha chuma cha mjini Bochum, alikuwa miongoni mwa wenye viwanda waliopeleka serikalini mapendekezo ya kuanzisha bima ya ajali. Alitaka kujua gharama zake mapema badala ya kuvizia hukumu ya mahakama.

Chama cha kufa na kuzikana cha wachimba madini

Wazo la kuchanga kabla ya shida halikuwa geni. Wachimba madini wa Ujerumani walikuwa nalo kwa karne nyingi. Hati ya mwaka 1260, inayohusu mgodi wa Rammelsberg karibu na mji wa Goslar, inataja udugu wa wachimbaji uliowasaidia wagonjwa na maskini miongoni mwao. Ni kitu ambacho mwanachama yeyote wa chama cha kufa na kuzikana angekielewa bila kufafanuliwa.

Baadaye udugu wa namna hiyo ulikua ukawa mifuko kamili. Mwaka 1854 Prussia, iliyokuwa kubwa kuliko madola mengine yote ya Kijerumani, ilitunga sheria iliyoifanya mifuko hiyo kuwa ya lazima migodini, huku wachimbaji na wenye migodi wote wakichangia. Mifuko ililipia matibabu, posho ya ugonjwa, na pensheni ya mlemavu, mjane na yatima.

Hivyo waandishi wa sheria za miaka ya 1880 walikuwa na mfano mkononi. Kilichokosekana ni msukumo wa kisiasa wa kuutoa mgodini na kuupeleka kwa taifa zima. Msukumo huo ulitokana na hofu.

Hofu ya Kansela

Mwaka 1875 vyama viwili vya wafanyakazi viliungana katika mji wa Gotha. Miaka miwili baadaye Wasoshalisti hao walipata kura takriban 493,000, karibu kura moja kati ya kila 11 zilizopigwa. Kansela Otto von Bismarck, mwenye mashamba makubwa na mtetezi wa ufalme, hakupendezwa hata kidogo.

Mwaka 1878 watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walijaribu kumuua Kaiza Wilhelm wa Kwanza. Haikuthibitishwa kwamba Wasoshalisti ndio waliowatuma, lakini Bismarck aliitumia nafasi hiyo. Oktoba mwaka huo Bunge lilipitisha sheria iliyofunga magazeti yao, ikavunja vyama vyao na kupiga marufuku mikutano yao. Sheria hiyo ilidumu hadi 1890.

Fimbo peke yake haikutosha. Bismarck aliona kwamba mtu asiye na kitu hana cha kupoteza mapinduzi yakija. Mwaka 1889 aliliambia Bunge kwamba alipokuwa Ufaransa aliona jinsi wananchi wadogo wenye hati za akiba za serikali walivyoipenda amani, maana serikali ikianguka na akiba yao ingeanguka. Alitaka kibarua wa Kijerumani naye awe na kitu cha kukitegemea kutoka serikalini.

Tarehe 17 Novemba 1881 aliusoma bungeni ujumbe wa Kaiza ulioahidi bima ya ajali, mpango wa mifuko ya wagonjwa, na msaada kwa wazee na walemavu. Watu wengi huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo rasmi wa hifadhi ya jamii ya kisasa.

Bismarck alitaka serikali yenyewe ichangie kwa fedha nyingi, ili mfanyakazi auone mkono wa dola. Mpango wake ulikuwa kupata fedha hizo kwa kuifanya biashara ya tumbaku kuwa mali ya serikali pekee. Mwaka 1882 Bunge lilikataa. Ndiyo maana mzigo mkubwa ukaangukia michango ya mfanyakazi na mwajiri, na mtindo huo ndio ulioenea duniani.

Sheria tatu na hesabu zake

Ya kwanza kupita ilikuwa bima ya ugonjwa, Juni 15, 1883, nayo ilianza kazi Desemba 1, 1884. Mfanyakazi alilipa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja. Mgonjwa alipata daktari na dawa bure na, kuanzia siku ya tatu, posho ya nusu ya ujira uliokadiriwa, kwa muda usiozidi wiki 13.

Fedha hazikupelekwa kwenye ofisi moja kubwa ya serikali. Zilikaa katika mifuko mingi midogo ya miji, viwanda na vyama vya mafundi. Kwa kuwa wafanyakazi walichangia theluthi mbili, walipata pia theluthi mbili za viti katika uongozi wa mifuko ya miji. Mwaka 1885 waliokatiwa bima hiyo walikuwa zaidi ya milioni nne.

Ya pili, bima ya ajali, ilipita Julai 6, 1884. Hapa mwajiri alilipa yote. Jeruhi asiyeweza tena kufanya kazi alipata theluthi mbili za ujira wake, kuanzia wiki ya 14, baada ya mfuko wa wagonjwa kumaliza zamu yake. Akifa, mjane alipata asilimia 20 ya ujira wa marehemu na kila mtoto asilimia 15, mradi jumla isizidi asilimia 60.

Hakuna aliyeulizwa tena kosa lilikuwa la nani. Kwa upande wake, mfanyakazi alipoteza haki ya kumshtaki mwajiri, isipokuwa pale mwajiri alipomdhuru kwa makusudi.

Waajiri wa kazi za aina moja waliwekwa katika chama kimoja na kugawana gharama. Kazi yenye hatari zaidi ilichangia zaidi. Matokeo yake mwenye kiwanda alianza kumtazama jirani yake asiyeziba magurudumu ya mashine, kwa sababu uzembe wa mmoja uliwagharimu wote. Vyama hivyo vilitunga kanuni za usalama na kuajiri wakaguzi.

Ya tatu, bima ya ulemavu na uzee, ilipita kwa tabu Mei 24, 1889, kwa kura 185 dhidi ya 165, na ilianza Januari 1, 1891. Mfanyakazi na mwajiri walichangia nusu kwa nusu, na serikali iliongeza maki 50 kwa mwaka katika kila pensheni.

Michango ilikuwa ya stempu. Kila wiki mwajiri alibandika kwenye kadi ya mfanyakazi stempu ya pfenigi 14, 20, 24 au 30, kulingana na daraja la ujira. Pfenigi 100 zilikuwa maki moja. Kadi ikijaa, ilirudishwa ofisini na kutolewa nyingine. Haba na haba, kibaba kilijaa, ila polepole: pensheni kamili ya uzee ilidai michango ya miaka 30, ingawa waliokuwa tayari wazee sheria ilipoanza walipewa masharti nafuu.

Umri wa kupata pensheni ya uzee ulikuwa miaka 70. Wengi husema Bismarck aliweka 65, lakini umri huo ulikuja mwaka 1916, yeye akiwa amekwisha kufa. Pensheni yenyewe ilikuwa kati ya maki 106 na 191 kwa mwaka. Mfanyakazi wa daraja la juu, aliyekuwa akipata zaidi ya maki 850 kwa mwaka, aliambulia chini ya robo ya kipato chake. Ilikuwa nyongeza ya kumsaidia mzee anayeishi na wanawe, asionekane mzigo mtupu mezani.

Vibarua wengi hawakufika miaka 70. Kilichowafaa zaidi ni pensheni ya ulemavu, ambayo haikuwa na sharti la umri na ilihitaji michango ya miaka michache tu.

Waliopinga na walionufaika

Waliberali walipinga wakidai kwamba lazima itaua moyo wa kujitegemea na kwamba serikali inajiingiza katika mambo ya watu. Wasoshalisti nao walipiga kura ya kupinga, wakisema Kansela anawahonga wafanyakazi kwa senti zao wenyewe huku akiwafunga viongozi wao.

Bismarck naye alikuwa na mipaka yake. Alikataa sheria za kupunguza saa za kazi na hakupenda wakaguzi wa serikali waingie viwandani. Yeye mwenyewe alikuwa na viwanda vya karatasi kwenye shamba lake la Varzin. Theodor Lohmann, ofisa aliyeandika sehemu kubwa ya sheria ya ugonjwa, aliona kwamba kumlinda mtu asiumie ni bora kuliko kumlipa akishaumia. Wawili hao walitengana mwaka 1883.

Kisiasa, mpango wa Bismarck ulishindwa. Mwaka 1890 Wasoshalisti walipata kura zaidi ya milioni 1.4, karibu kura moja kati ya tano. Mwezi Machi mwaka huo Bismarck aliondolewa madarakani na Kaiza kijana, Wilhelm wa Pili.

Lakini bima ilibaki, na waliokuwa wakiipinga wakawa walinzi wake. Wasoshalisti waligundua kwamba mifuko ya wagonjwa inawapa viti vya uongozi, ajira, na mahali pa kuwatumikia watu wao. Wenye viwanda nao waliona kwamba gharama hazikuwaua. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ujerumani ilikuwa imeipita Uingereza kwa uzalishaji wa chuma cha pua.

Fedha za mifuko ya pensheni zilikopeshwa kujenga nyumba za wafanyakazi na kutumika kujenga hospitali. Karibu na Berlin, mfuko wa jiji hilo ulijenga hospitali kubwa ya Beelitz kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Hesabu ilikuwa rahisi: kumtibu kijana wa miaka 30 ni nafuu kuliko kumlipa pensheni ya ulemavu maisha yake yote.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1923. Mfumuko wa bei uliifanya maki kuwa karatasi tupu, na akiba za mifuko zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 30 ziliyeyuka. Kilichoiokoa pensheni ni kwamba michango ya wafanyakazi wapya iliendelea kuingia, na serikali ikabeba sehemu.

Mkulima alikuwa wapi?

Wakati kibarua wa kiwandani anapata daktari wa bure mwaka 1884, kibarua wa shambani alikuwa bado nje, isipokuwa pale mamlaka za eneo lake zilipoamua kumwingiza. Sheria ya kumwingiza katika bima ya ugonjwa kwa nchi nzima ilipitishwa mwaka 1911 na kuanza kutumika 1914, miaka 30 baadaye.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, wenye mashamba makubwa wa mashariki mwa Ujerumani walikuwa na nguvu bungeni na hawakutaka gharama. Pili, kibarua wa shambani alilipwa sehemu kubwa ya ujira wake kwa viazi, nafaka, kuni na chumba cha kulala. Karani angekataje theluthi mbili za mchango kutoka kwenye gunia la viazi?

Bima ya ajali ilifika shambani mapema zaidi, kwa sheria ya Mei 5, 1886, na namna ilivyofanywa inafaa kutazamwa kwa makini. Kwa kuwa mashamba mengi hayakuwa na vitabu vya mishahara, sehemu nyingi zilikusanya michango kwa kufuata kodi ya ardhi. Aliyelipa kodi kubwa ya ardhi alichangia zaidi. Sheria hiyo iliruhusu pia mwenye shamba dogo kujikatia bima yeye mwenyewe.

Pensheni ya mwaka 1889 nayo iliwahusu vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, kwa kuwa malipo ya viazi na nafaka yalithaminiwa kwa fedha. Aliyebaki nje kabisa ni mwenye shamba, mwenye duka na fundi aliyejiajiri.

Watunga sheria walidhani mkulima ana pensheni yake: ardhi. Palikuwa na desturi ya zamani ambapo mzee alimkabidhi mwanawe shamba kwa mkataba wa maandishi. Mkataba ulitaja chumba atakachoishi mzee, maziwa, nafaka na kuni atakazopewa hadi kufa. Pale penye shamba la kutosha na mwana aliye tayari kubaki, mkataba ulifanya kazi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wana wengi walikwenda mjini, na shamba dogo halikuweza kulisha vizazi viwili. Ndipo sheria ya Julai 27, 1957 ilipompa mkulima wa Ujerumani Magharibi pensheni yake mwenyewe, miaka 68 baada ya ile ya kibarua. Mafundi waliojiajiri walikuwa wameingizwa mwaka 1938. Bima ya ugonjwa ya wakulima ilikamilika mwaka 1972.

Mchango wa mkulima chini ya sheria ya 1957 ulikuwa kiwango kimoja kwa wote, bila kujali ukubwa wa mavuno. Sharti kubwa lilikuwa kwamba mzee akabidhi shamba ndipo alipwe, ili vijana wapate ardhi wakiwa bado na nguvu. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2018. Hadi leo sehemu kubwa ya pensheni za wakulima wa Ujerumani hutoka kwenye hazina ya serikali, kwa sababu wakulima wanaochangia wamepungua na wazee wamekuwa wengi.

Siku moja, mambo mawili

Januari 1, 1891, siku ambayo pensheni ya uzee ilianza Ujerumani, ndiyo siku ambayo serikali hiyo hiyo ilichukua rasmi utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kutoka kwa kampuni iliyoanzishwa na Carl Peters.

Bima haikuvuka bahari. Wenyeji waliovunja mawe ya reli na kupanda mkonge hawakubandikiwa stempu. Kilichowafikia ni kodi ya kibanda, tangu mwaka 1898, na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kilichochangia kuzuka kwa Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Dunia yaiga kwa njia mbili

Nchi nyingine zilitazama na kuchagua. Denmark mwaka 1891 na New Zealand mwaka 1898 zilianza kuwalipa wazee maskini pensheni kutoka kwenye kodi, bila mchango wowote wa awali.

Uingereza ilichanganya njia zote mbili. Sheria ya mwaka 1908 ilimpa mzee maskini wa miaka 70 shilingi tano kwa wiki kutoka hazina. Mwaka huo huo David Lloyd George, waziri wa fedha, alikwenda Ujerumani kujionea bima inavyofanya kazi. Mwaka 1911 Uingereza ikapitisha bima yake ya afya, ambapo mfanyakazi mwanamume alichanga peni nne kwa wiki, mwajiri tatu na serikali mbili.

Tofauti ya njia hizo ni kubwa kwa mkulima. Njia ya michango humfikia kwanza mwenye mwajiri wa kumkata. Njia ya kodi humfikia yeyote mwenye umri au umaskini unaotajwa na sheria, lakini hutegemea hazina ina nini na wanasiasa wanataka nini.

Afrika Mashariki

Baada ya uhuru, Tanzania ilianzisha mfuko wa akiba ya wafanyakazi mwaka 1964, ambao mwaka 1997 uligeuzwa kuwa NSSF. Kenya ilianzisha NSSF yake mwaka 1965 na mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, mwaka 1966. Yote ilijengwa kwanza juu ya mshahara. Mkulima wa kahawa na mama lishe walibaki pale alipobaki mkulima wa Ujerumani.

Majaribio ya kuwafikia yamekuwapo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza wilayani Igunga mwaka 1996 kwa mchango wa kaya. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi bila kuwadai mchango. Hiyo ni njia ya kodi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya iliiweka kando NHIF mwaka 2024 na kuanza mfuko mpya unaotakiwa kumhusu kila mkazi.

Ugumu katika mipango hiyo ni ule ule wa gunia la viazi. Kipato cha mkulima huja mara moja au mbili kwa mwaka, na cha machinga hubadilika kila siku. Hana mwajiri wa kulipa nusu nyingine.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchangia

Historia ya Ujerumani inamwachia mkulima na mfanyabiashara mdogo maswali manne ya kuuliza kila anapoletewa mpango wa bima au pensheni, uwe wa serikali, wa ushirika au wa kikundi.

La kwanza, nani anachanga pamoja na mimi? Mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na mwajiri, na baadaye mkulima wa Ujerumani alisaidiwa na hazina. Mpango unaomtaka mkulima alipe peke yake sehemu zote mbili utamwelemea.

La pili, mchango unakusanywa lini na kwa njia gani? Wajerumani walifuata kodi ya ardhi kwa sababu mishahara ya shambani haikuonekana. Hapa ushirika wa mazao unaweza kukata wakati wa malipo ya msimu. Mchango wa kila mwezi kwa mtu anayevuna mara moja ni njia ya kumfanya akose sifa ya kulipwa.

La tatu, fedha zinalindwaje bei zikipanda? Wastaafu wa 1923 walikuwa na stempu zote, na bado akiba ikayeyuka.

La nne, nani anakaa kwenye bodi? Vibarua wa 1883 walilipa theluthi mbili na wakapata theluthi mbili za viti. Hapo ndipo mfuko ulipoacha kuwa zawadi ya Kansela ukawa mali yao, na alipoondoka yeye, mfuko haukuondoka.